Kungojea na Kudai: Maana ya Neno Moja la Waingereza

Katika lugha ya Kiingereza kuna neno linalosikika kila siku, sokoni, shuleni, katika barua za kazi na hata kanisani: neno "expect". Mwanafunzi wa Kongo aliyekwisha kuzoea Kifaransa, akianza kujifunza Kiingereza, hukutana nalo mapema. Hufungua kamusi akidhani atapata jibu moja, naye hupewa majibu mengi: kungojea, kutazamia, kutarajia, kudhani, kutaka. Basi huchagua lile la kwanza na kuendelea na kazi yake. Lakini mwenye kufikiri husimama kidogo. Yawezekanaje neno moja litaje mambo ya mtu akaaye akingoja, na ya mtu akisiaye, na ya mtu aagizaye? Je, mambo hayo yamefungwa katika mzigo mmoja kwa bahati, au Waingereza waliona undugu fulani kati yake? Tena kuna swali lililo zito kuliko hayo: mtu anapomwambia mwenzake, "Natazamia utafanya jambo hili," amempa habari, amempa amri, au amempa heshima?

Wako watakaosema kwamba hilo ni swali la walimu wa sarufi. Waachwe waseme. Nyumba nyingi zimegawanyika kwa sababu baba alitazamia jambo, na mtoto hakujua kwamba ametazamiwa.

Asili ya neno ni Kilatini. Warumi walikuwa na kitenzi spectare, maana yake kutazama, nao wakakitia mbele kiambishi ex, maana yake kutoka au nje. Hapo wakapata exspectare: kutazama nje, kama mtu aliyesimama mlangoni akaikodolea njia macho aone nani anakuja. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, maana Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo, kikalizaa neno kutazamia kutoka neno kutazama. Kiswahili cha zamani kilikwenda mbele zaidi, kikamwita mpiga ramli mtazamia, kwa kuwa huyo hudai kuyaona mambo ambayo hayajafika bado.

Neno hilo liliingia katika Kiingereza wakati wa karne ya 16, na hapo mwanzo liliweza kuwa na upole wa kungoja tu. Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611, katika sura ya 10 ya Barua kwa Waebrania, linatumika juu ya Kristu anayengoja hata adui zake watakapowekwa chini ya miguu yake. Hapo hamna kukisia wala kuagiza. Maana hiyo ya kale karibu imekufa yote. Mwingereza wa leo akimngoja rafiki yake kituoni hutumia neno jingine, "wait", na hilo la "expect" limebaki kwa mambo ya moyoni. Mtu aweza kumtazamia mgeni huku akiendelea kulima shamba lake. Hawezi kumngoja kituoni naye yuko shambani. Hata hivyo mabaki ya ule upole yanaonekana mahali pamoja pazuri: mwanamke akiwa na mimba, Waingereza husema kwa adabu kwamba anatazamia, bila kutaja anachokitazamia, na kila mtu huelewa.

Ndugu yake, neno "anticipate", lina asili nyingine. Kwa Kilatini ni kutwaa kabla, yaani kulitangulia jambo na kulitendea kazi kabla halijafika. Mchezaji hodari wa mpira hutangulia mahali mpira utakapoanguka. Mtazamaji aliye pembeni hutazamia tu. Watu wengi huyachanganya maneno hayo mawili, yamkini kwa kuwa lililo refu huonekana kuwa na cheo. Waandishi wengine wakali walikataza pia "expect" lisitumike kwa maana ya kudhani, kama mtu asemapo juu ya msafiri, "Nadhani amekwisha kufika." Bwana H. W. Fowler, mwalimu mashuhuri wa matumizi ya Kiingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1926 aliona kwamba katazo hilo ni ukali usio na lazima. Ugomvi huo ni mdogo. Ulio mkubwa u mahali pengine.

Kifaransa kimeyatenganisha yale ambayo Kiingereza kimeyaunganisha. Mfaransa akisema s'attendre à, anakisia: ameyaona mawingu, anajiweka tayari kwa mvua. Akisema attendre de quelqu'un, anadai: kuna mtu mbele yake, na kuna jambo alitakalo litoke kwa mtu huyo. Mwingereza husema "expect" pande zote mbili. "Natazamia Petro atachelewa." "Natazamia Petro atafika mapema." Sentensi hizo zafanana kama shilingi kwa ya pili. Lakini Petro akifika mapema, aliyesema ile ya kwanza amekosa, dhana yake ilikuwa mbovu. Na Petro akichelewa, aliyesema ile ya pili haungami kosa lolote. Husema kwamba Petro ndiye aliyekosa.

Tofauti ya namna hiyo ilielezwa vizuri sana na Elizabeth Anscombe, mwanamke Mkatoliki aliyefundisha filosofia Oxford na baadaye Cambridge, akafariki mwaka 2001. Katika kitabu chake juu ya nia, kilichotoka mwaka 1957, alitoa mfano wa mtu aendaye madukani na orodha ya vitu vya kununua, na nyuma yake mpelelezi amfuataye akiandika kila kitu kinachonunuliwa. Jioni orodha hizo mbili zaweza kuwa sawa neno kwa neno. Lakini na iwe kwamba ndani ya kikapu mna sukari, na orodha zote mbili zasema chumvi. Mpelelezi hufuta neno lake, akaandika sukari, na kazi yake imekuwa sahihi. Mnunuzi hawezi kujirekebisha kwa kufuta. Kosa lake halimo katika karatasi, limo kikapuni, na mke wake aliyemtuma atamwonyesha hivyo bila msaada wa filosofia. Anscombe alikuwa akichunguza nia ya mtenda, wala hakuwa akilifafanua neno "expect". Walakini mfano wake wafaa kuazimwa. Kuna kutazamia kwa mpelelezi, ambako lazima kuyafuate mambo yalivyo, na kuna kutazamia kwa aliyetuma, ambako hutaka mambo yakufuate.

Hatari inatoka hapo. Neno moja likizibeba orodha zote mbili, msemaji aweza kuificha moja ndani ya nyingine. Mkubwa wa kazi asiyependa kuonekana mkali haandiki, "Malizeni." Huandika kwamba mafundi wanatazamiwa kumaliza kabla ya Jumamosi. Anayetazamia hakutajwa jina. Kitenzi kimetendwa, na mtenda amejificha nyuma ya mlango. Fundi akiuliza ni nani aliyeamuru, ataambiwa hakuna aliyeamuru, ni mambo yanayotazamiwa tu. Akishindwa ataadhibiwa vilevile. Amri iliyo wazi ina heshima yake, maana mwenye kuitoa amejitokeza, naye aweza kuulizwa sababu, na kama amri si ya haki aibu ni yake. Amri iliyovaa nguo za ubashiri haina mwenyewe.

Kisa mashuhuri juu ya neno hili kilitokea baharini, karibu na rasi ya Trafalgar, kusini ya Hispania, tarehe 21 Oktoba 1805. Merikebu kubwa za vita 27 za Waingereza zilikuwa zikizikaribia merikebu 33 za Wafaransa na Wahispania. Upepo ulikuwa hafifu, na mwendo ulikuwa wa polepole mno, hata watu walikuwa na saa nyingi za kuwatazama adui zao bila kupiga risasi. Nelson, amiri wa Waingereza, akiwa katika merikebu Victory, alitaka kuwapelekea watu wake neno moja kabla ya mapigano. Siku zile merikebu zilisemezana kwa bendera. Kulikuwa na kitabu kilichotungwa na Home Popham, afisa wa bahari, ambamo maneno yalipewa namba, na kila namba ilikuwa na bendera zake. Neno lisilokuwamo kitabuni lilipaswa kutajwa herufi kwa herufi, na hiyo ni kazi ndefu.

Nelson alimwambia Pasco, afisa wa bendera, aziambie merikebu zote kwamba Uingereza ina imani kuwa kila mtu atatimiza wajibu wake. Neno alilolitumia ni "confides", nalo lina maana ya kumwamini mtu, kuliweka jambo mikononi mwake kama amana. Akaongeza kwamba afanye haraka, maana alikuwa na ishara nyingine ya kutoa, ile ya kupigana karibu karibu. Pasco akaomba ruhusa alibadili neno hilo, aweke "expects", kwa sababu hilo limo kitabuni na lile la kwanza halimo. Nelson akakubali mara moja. Bendera zikapanda. Neno la wajibu lenyewe halikuwamo kitabuni, likatajwa kwa herufi zake nne, moja baada ya moja. Kitabu cha vita kilikuwa na nafasi ya kutazamia, lakini hakikuwa na nafasi ya wajibu.

Hivyo usemi ambao watoto wa Uingereza walifundishwa kwa vizazi vingi ulipata neno lake kuu kwa sababu lilihitaji bendera chache. Mtu aweza kucheka. Walakini afisa wa bendera hakubadili rangi ya usemi ule. Alibadili moyo wake. Amwaminiye mtu hujiweka wazi mbele yake, kama akabidhiye fedha kwa jirani. Akitendewa vibaya ataumia, naye alijua tangu mwanzo kwamba aweza kuumia. Hakukisia, maana aliyekisia hupima uwezekano na kujilinda. Hakudai pia, maana anayedai ana hati mkononi. Nelson alikusudia jambo hilo la tatu, na bendera zikatoa neno ambalo laweza kusomwa kama la pili.

Na kweli wako walioyasoma hivyo. Afisa mmoja aliyekuwa ndani ya merikebu Ajax alikumbuka baadaye kwamba ishara iliposomwa kwa mabaharia, baadhi yao walinung'unika wakiulizana: kutimiza wajibu? Kwani ni lini hawakuutimiza? Hata Collingwood, aliyekuwa wa pili baada ya Nelson, alipoziona bendera zikipanda alisema kwa uchovu kwamba afadhali Nelson aache kutoa ishara, kwa kuwa kila mtu amekwisha kujua la kufanya. Alipoelezwa maneno yenyewe ndipo akafurahi. Manung'uniko ya mabaharia wale yanastahili kusikilizwa kuliko vile yanavyosikilizwa. Mtu aliyetimiza kazi yake siku zote, akiambiwa kwamba anatazamiwa aitimize, husikia shaka ndani ya sifa. Tena si wachache miongoni mwao waliokuwa wametiwa melini kwa nguvu. Sheria ya Uingereza wakati ule iliviruhusu vikosi vya bahari kuwashika wanaume na kuwafanya mabaharia bila hiari yao. Uingereza iliyowashika hivyo, yawezaje kusema kwamba inatazamia kitu kutoka kwao? Kudai ingeweza, maana ilikuwa na nguvu. Kukisia ingeweza pia, maana ilijua ujuzi wao. Kuamini ndiko kulikokuwa kugumu, maana amana hukabidhiwa mtu huru.

Siku ile Nelson alipigwa risasi baada ya adhuhuri, akafa kabla ya jua kutua. Waingereza hawakupoteza merikebu hata moja, na adui zao walipoteza nyingi. Wajibu ulitimizwa. Nani alikuwa mdeni wa nani jioni ile, ni jambo ambalo bendera haziwezi kulijibu.

Waswahili husema, ahadi ni deni. Usemi huo ni wa haki, kwa sababu mwenye kuahidi amefungua kinywa chake mwenyewe na kujifunga. Lakini katika kutazamia, anayefungua kinywa ni mwingine. Je, mtu aweza kumtia mwenzake katika deni kwa kumtazamia tu? Thomas Scanlon, mwanafilosofia wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1998, alilichukua jambo hili kwa upande wa ahadi. Alieleza kwamba kosa la kuvunja ahadi linatokana na matazamio ambayo mwenye kuahidi aliyaamsha kwa makusudi katika moyo wa mwenzake, akijua kwamba mwenzake anataka kuhakikishiwa, na ya kwamba atapanga maisha yake juu ya neno hilo. Basi deni halikuzaliwa na kutazamia peke yake. Lilizaliwa na mkono ulioamsha kutazamia huko. Aliyejiamshia mwenyewe tumaini kitandani, na asubuhi akatoka kulidai barabarani, hana hati.

Walakini mambo ya watu hayafuati mstari ulionyooka hivyo. Na iwe kwamba mjomba anamlipia mpwa wake karo ya shule miaka sita. Hakuna neno la mapatano lililosemwa. Mwaka wa saba kijana amepata kazi, na mjomba anamtazamia awasomeshe wadogo wawili, ajenge nyumba ya bati, tena amwoe binti wa rafiki yake mjomba. Kijana anajibu kwamba hakuahidi lolote. Kwa maneno matupu asema kweli. Lakini miaka sita aliwaona mbuzi wa mjomba wakiuzwa mmoja mmoja, alijua wanauzwa kwa ajili gani, akala, akasoma, akanyamaza. Kunyamaza mbele ya mbuzi wanaouzwa ni namna ya kusema, na katika nchi ambayo watu huona haya kuandikiana mkataba kati ya ndugu, ni namna iliyo wazi kabisa. Wadogo wawili ni haki yao. Asiyekubali hilo ametumia adabu ya wazee kama mlango wa kutorokea.

Nyumba ya bati ni swali. Hapo watu wenye busara wataachana, na inafaa wakae wazungumze, mjomba aseme kwa sauti alichokuwa akikitazamia, na kijana aseme kwa sauti awezacho. Lakini binti wa rafiki hayumo kabisa katika hesabu. Hakuna mbuzi aliyeuzwa kwa ajili yake. Mjomba alimwingiza katika deni baadaye, akamwandika chini ya orodha kwa kalamu yake mwenyewe. Hapo ndipo kutazamia kunapogeuka kuwa unyang'anyi wa polepole, na yule anayeufanya mara nyingi hujiona mtu aliyetendewa vibaya. Mzee wa namna hiyo huonekana amejaa huzuni ya kweli. Huzuni ya kweli haithibitishi kwamba deni ni la kweli.

Na anayetazamia mali, naye huharibika kwa namna yake. Waingereza wa karne ya 19 walitumia wingi wa neno hili, "expectations", kwa maana ya urithi au mali ambayo mtu anategemea kuipata siku moja. Ndivyo Charles Dickens alivyokipa jina kitabu chake "Great Expectations", kilichotoka kidogo kidogo katika gazeti lake tangu Desemba 1860 hata Agosti 1861. Pip, mtoto yatima aliyelelewa nyumbani kwa Joe, mhunzi wa kijijini, anaambiwa na mwanasheria kwamba ana matazamio makubwa, na kwamba jina la mfadhili wake ni siri. Basi Pip anajijengea hadithi: mfadhili ni bibi tajiri wa jirani, na bibi huyo amemwandalia pia mchumba. Anahamia London, anajifunza kula kwa adabu, anakopa fedha, na Joe anapokuja kumtembelea anamwonea haya. Mwishowe inajulikana kwamba fedha zote zilitoka kwa mfungwa mtoro ambaye Pip alimpa chakula zamani alipokuwa mtoto. Mtumaini cha nduguye hufa maskini, wasema wahenga; Pip hakufa, lakini alilala mgonjwa, mali imepotea na wadai wamefika mlangoni. Aliyemuuguza na kumlipia deni ni Joe, ambaye Pip hakuwa ametazamia kitu kwake kwa muda mrefu.

Kutazamia kwa mpelelezi nako hakukosi lawama, ingawa kwaonekana kama macho yanayotazama tu. Mwalimu anayeingia darasani siku ya kwanza, akatupa macho mara moja na kujisemea kwamba huyu atafaulu, yule hatafaulu, anadhani anaandika tu yaliyopo. Mwaka 1968 Robert Rosenthal wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na Lenore Jacobson, mkuu wa shule, walichapa habari za jaribio walilolifanya katika shule moja ya msingi huko California. Walimu waliambiwa kwamba mtihani fulani umewaonyesha watoto watakaochanua mwaka ule, karibu mmoja katika kila watano. Kwa kweli majina yalikuwa yametolewa kwa bahati. Mwaka ulipokwisha, watoto waliotajwa walikuwa wameendelea zaidi ya wenzao, hasa katika madarasa mawili ya chini. Katika madarasa ya juu tofauti haikuwa ya maana. Wataalamu wengine waliushambulia mtihani uliotumika, hasa kwa watoto wadogo kabisa, na wengi leo husema kwamba nguvu ya jambo hilo ipo lakini ni ndogo kuliko ilivyotangazwa mwanzoni. Hata ikiwa ndogo, inatosha kumnyima mwalimu udhuru wake. Orodha ya mpelelezi aliyeketi mbele ya darasa huingia kikapuni na kubadili vitu. Anayetazamiwa kushindwa huulizwa maswali mepesi, hangojwi anapofikiri, na daftari lake hutazamwa mwisho, mwanga wa jioni ukiwa umepungua.

Je, basi ingekuwa heri watu wasitazamie kitu kwa watu? Wako wenye kufundisha hivyo, na shauri lao huonekana la hekima kwa mtu aliyeumizwa karibuni. Lakini mtoto asiyetazamiwa kitu na mtu yeyote hana furaha, ameachwa. Hata mpwa yule, kama mjomba angelipa karo na asitake kujua kamwe amekuwa nani, angeona kwamba alipewa fedha tu kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa.

Mtakatifu Tomasi wa Akwino aliligusa jambo hili katika Summa, mahali anapoeleza tumaini. Tumaini, asema, ni la jambo jema, la wakati ujao, lililo gumu, na linalowezekana. Kisha atenganisha. Mtu akiwa na tumaini la kulipata jambo kwa nguvu zake mwenyewe, hapo ni kutumaini tu. Neno exspectare lafaa hasa kwa yule anayetumaini kwa msaada wa nguvu za mwingine. Naye Tomasi alifafanua neno lenyewe kana kwamba ni kutazama kutoka kwa mwingine. Wataalamu wa lugha hawatakubali kwamba ndiyo asili yake, maana ile ex ya Warumi ilikuwa ya mlangoni na barabarani. Lakini kwa habari ya moyo wa binadamu Tomasi alipiga kwenye shabaha. Amtazamiaye mtu amekiri kwamba hana uwezo bila mtu huyo. Uingereza iliyotazamia ilikuwa inawahitaji mabaharia wale, hata wale iliowashika bandarini, kuliko wao walivyoihitaji. Mjomba anayetazamia anazeeka. Mkubwa wa kazi aliyejificha nyuma ya kitenzi hawezi kupaka hata tofali moja chokaa. Kiburi cha anayedai kinawafanya watu wasilione hilo, na yeye kwanza.

Katika Nasadiki ya Misa, kitenzi hicho hicho cha Kilatini, exspecto, ndicho kinachosemwa juu ya ufufuko wa wafu. Watafsiri wa Kiingereza walikuwa na neno "expect" mkononi, mtoto halisi wa lile la Kilatini, nao hawakulitwaa. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549 kilisema "look for", na Misale ya Kikatoliki ya Kiingereza iliyoanza kutumika mwaka 2011 yasema "look forward to", yaani kuielekezea macho mbele kwa furaha. Yamkini walisikia kwamba neno lile limekwisha kujaa hesabu za mpelelezi na madai ya mwenye kutuma, na ya kwamba mbele ya Mungu hakuna anayeweza kukisia wala kudai. Waliotafsiri kwa Kiswahili walichagua kungojea: neno la mama aliyekwisha kufunika chakula cha mtu mmoja, na usiku umeingia, na mlango hajaufunga, kwa kuwa aliyesafiri alisema atarudi.